Kwa Nini Fundi wa Manowari Huvua Pete

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za kulea watoto, kutunza nyumba na kuishi vizuri na waume zetu. Leo tunaomba nafasi tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wenu hamjapata kuiona, lakini kwetu sisi imeingia katika ndoa mpaka kwenye kidole cha pete. Ni kazi ya kutunza na kubadilisha swichi kuu za umeme ndani ya manowari.

Sisi tunaowaandikia ni wake wa mafundi umeme wa meli. Wengine wetu tumeolewa na wanamaji, wengine na mafundi raia wa karakana za bandarini. Tulifahamiana katika kikundi cha akina mama kanisani. Miongoni mwetu wamo walimu, washonaji, wachuuzi wa samaki na wauguzi. Kwa kuwa safari hii kalamu imeangukia upande wa wauguzi, mtatusamehe tukiwaingiza kidogo wodini.

Sababu ya kuandika ni kwamba malalamiko ya wake wachanga yanafanana mwaka hata mwaka. "Anachelewa kurudi." "Meli iko bandarini, haiendi popote, mbona haji nyumbani?" "Pete ya ndoa anaiacha mezani kila asubuhi." Ukimwuliza mumewe anafanya kazi gani, hujibu: "Umeme tu." Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka kulifafanua, kwa sababu kutolielewa kunaweza kumgharimu mtu mkono, au uhai.

MOYO WA MANOWARI

Meli ya vita si mizinga peke yake. Ni mji mdogo unaoelea. Watu hupika humo, hulala humo, hutibiwa humo, na maji ya chumvi husafishwa yakawa ya kunywa. Rada, redio, usukani, pampu za kutoa maji, feni za hewa, na hata mitambo inayogeuza mizinga, vyote vinategemea umeme.

Jenereta ndizo zinazoufua umeme huo, lakini kuugawa ni kazi ya swichi kuu. Hizi ni kabati ndefu za chuma, zimepangwa ukutani kama kabati za nguo. Ndani yake mna vipande vinene vya shaba vinavyobeba umeme, na swichi kubwa ambazo hujikata zenyewe hatari ikitokea. Mafundi wetu huziita breka. Katika manowari nyingi za nchi za Magharibi umeme huo ni wa volti 440, nao wa nyumbani kwetu ni volti 240.

Meli ya vita hutarajia kupigwa, kwa hiyo haitegemei njia moja. Vyombo vya lazima hupelekewa umeme kwa njia mbili, moja ya kawaida na moja ya akiba, kutoka kabati zilizo mbali mbali. Njia ya kwanza ikikatika, kuna swichi inayohamia njia ya pili yenyewe, kufumba na kufumbua. Hospitalini pia tunalo jambo kama hilo. Umeme wa mji ukipotea katikati ya upasuaji, jenereta huwaka na swichi huhamisha mzigo. Tofauti ni kwamba hospitali haizami.

Somo hili lilinunuliwa kwa bei kubwa. Tarehe 13 Novemba 1941, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, Ark Royal, ilipigwa topido moja na nyambizi ya Kijerumani karibu na Gibraltar. Maji yaliingia katika chumba kimoja cha boila na kwenye swichi kuu. Nusu ya nyuma ya meli ikakosa umeme na mawasiliano ya ndani yakakatika. Meli haikuwa na jenereta za dizeli za akiba. Umeme wake ulitegemea mvuke, na mvuke ulipokwisha pampu zikasimama. Siku ya pili yake ikazama. Katika watu karibu 1,500 alikufa mmoja tu, lakini uchunguzi uliofuata uliona wazi kwamba kukosa umeme wa akiba kulikuwa kasoro kubwa ya meli ile.

SWICHI IKIKATA, ISIKILIZWE

Habari ya pili inahusu tabia ya watu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1942, manowari ya Marekani iitwayo South Dakota ilikuwa ikielekea vitani karibu na kisiwa cha Guadalcanal, katika bahari ya Pasifiki. Inaelezwa kwamba breka zake zilikuwa zimefungwa zisiweze kujikata, kinyume cha kanuni za usalama. Hitilafu ilipotokea mahali pamoja haikuzuiwa pale pale. Ilienea kutoka sakiti hadi sakiti. Meli ikapoteza rada, redio na sehemu kubwa ya mizinga yake, adui akiwa mbele. Ikapigwa zaidi ya mara 20, na mabaharia karibu 40 wakafa. Iliponea kwa sababu mwenzake, manowari Washington, alikuwapo akapigana.

Tufikiri kidogo, akina mama. Aliyezifunga breka zile hakukusudia mabaya. Bila shaka alitaka umeme usikatike wakati wa vita. Lakini breka inapokata huwa inasema kwamba kuna jambo mahali fulani. Ukiifunga mdomo, jambo lenyewe halijaondoka. Nasi tunafanya hivyo hivyo majumbani. Fyuzi ikiungua mara mbili, mtu huchukua waya mnene au hata msumari akauweka badala yake. Taa huwaka, kila mtu hufurahi, na waya ulio ukutani huanza kupata moto polepole usiku watoto wamelala.

CHUMVI, JOTO NA MTIKISIKO

Watu huuliza: swichi ikishafungwa kabatini, ina kazi gani tena? Jibu ni kwamba bahari haiipi raha. Hewa ya chumvi hula shaba na kuacha ukungu wa kijani. Injini hutikisa meli mchana na usiku, na boti za kubania nyaya hulegea. Mahali palipolegea hupata joto, joto hulegeza zaidi, na mwisho wake ni moto. Vumbi na mvuke wa mafuta navyo hujipachika juu ya vipande vya kuzuia umeme na kuufungulia njia isiyotakiwa.

Kwa hiyo fundi ana ratiba kama sisi wauguzi tunavyokuwa na chati ya mgonjwa. Hufyonza vumbi kwa mashine badala ya kulipuliza, maana ukilipuliza unalihamishia ndani zaidi. Hukaza kila boti kwa spana maalumu inayopima nguvu. Hupima kama mpira na plastiki zinazozuia umeme bado ni nzima. Siku hizi hutumia pia kamera inayoona joto, na mahali palipolegea huonekana pakiwaka kabla pua haijasikia harufu. Kila kipimo huandikwa daftarini, kikilinganishwa na cha mwezi uliopita. Muuguzi aliyewahi kuona presha ya mama mjamzito ikipanda kidogo kidogo kliniki baada ya kliniki anaelewa thamani ya daftari hilo.

Halafu kuna kanuni ambazo fundi mzuri hazivunji. Kabla ya kugusa chochote huzima njia zote zinazoleta umeme, hufunga kwa kufuli na kutundika kadi nyekundu yenye onyo. Anayeitoa kadi hiyo ni yule aliyepewa ruhusa, wala si mpita njia anayetaka chai ipikwe. Kisha hupima kwa chombo kuhakikisha kwamba umeme kweli haupo. Husimama juu ya mkeka wa mpira, huvaa glavu zilizopimwa, na mwenzake husimama karibu tayari kumvuta. Na mwilini hapawi na kitu cha madini: si saa, si mkufu, si pete.

KIJANA WETU WODINI

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa wodini kwetu fundi kijana aliyekuwa akifanya kazi ndani ya meli iliyotia nanga kwa matengenezo. Karakana iliyomwajiri hatutaitaja, wala jina lake. Aliambiwa kabati fulani limezimwa, na kweli njia ya kawaida ilikuwa imezimwa. Lakini ile swichi ya kuhamisha umeme, ambayo tumeisifu hapo juu, ilifanya kazi yake. Ilipoona njia ya kwanza imekufa, ikaleta umeme kwa njia ya pili. Njia hiyo haikuwa na kufuli wala kadi, na hakuna aliyepima. Kitu kinachookoa meli vitani ndicho kilichomngoja fundi ndani ya kabati.

Spana yake na pete yake viliunganisha vipande viwili vya shaba. Ukatoka mmweko kama radi. Wenzake walisema walisikia mshindo kabla ya kuona mwanga. Alipotufikia, uso na mikono vilikuwa vimeungua, na pete ilikuwa imezama katika nyama. Mkono ulioungua huvimba haraka, na pete ikibaki hukaba damu. Ilitubidi tuikate huku akilia kama mtoto. Kidole kile hakikupona. Madaktari walikiondoa siku ya tano.

Alipopata nguvu za kuongea alituambia kwamba zamani alikuwa akivua pete kila siku, lakini nyumbani kulikuwa na ugomvi. Majirani walikuwa wamemjaza mkewe maneno, kwamba mwanamume anayevua pete ana jambo. Ili kuleta amani, akaacha kuivua. Mkewe alikuwa ameketi pembeni ya kitanda aliposema hayo. Hakuna aliyemlaumu, na wala ninyi msimlaumu. Kosa la kwanza lilikuwa la wale waliosema umeme umezimwa bila kupima. Mama yule hakuwa na mtu wa kumweleza. Kwa ajili yake tuliamua kwamba kikundi chetu kitakuwa kikieleza.

Basi tunaeleza. Dhahabu na fedha hupitisha umeme vizuri sana. Pete ikigusa mahali pawili penye umeme hupata moto wa kuunguza mpaka mfupa kwa muda mfupi kuliko kusema neno moja. Hata pasipo umeme, pete hunasa kwenye chuma mtu anaporuka au kuteleza ngazini, ikachuna kidole. Kuifunga kwenye mkufu shingoni si dawa, kwa sababu mkufu huning'inia mbele mtu anapoinama ndani ya kabati. Mahali pake ni nyumbani. Baadhi yetu tumeweka kibakuli kidogo karibu na mlango: saa, pete na mkufu huingia humo asubuhi, na jioni hutoka. Majirani wakiuliza, waonyesheni kibakuli.

UKIMKUTA MTU AMEPIGWA NA UMEME

Hapa tunasema kama wauguzi, na ni kwa kila nyumba, si kwa wake wa mafundi tu.

Kwanza, usimguse. Zima umeme kwenye swichi kuu. Ikiwa haiwezekani na ni umeme wa kawaida wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu kama mpini wa ufagio. Nyaya kubwa za nguzoni usizikaribie kabisa mpaka wenye umeme wao wamezima.

Pili, tazama kama anapumua. Ikiwa hapumui, ita msaada na uanze kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Moyo uliosimamishwa na umeme unaweza kuamshwa ukiwahiwa.

Tatu, umeme ukishazimwa, mvue pete, saa na bangili kabla ya kuvimba. Sehemu iliyoungua imwagilie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno, unga wala yai. Tunatumia saa nyingi kuviondoa hivyo, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Nne, mpeleke hospitali hata akisema amepona. Umeme huingia kwa tundu dogo na kutokea kwa jingine, lakini katikati hupita kwenye nyama na moyo. Moyo unaweza kwenda kombo baadaye. Nyama zilizoharibika humwaga sumu zinazoziba figo, na dalili yake ni mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Ukiuona, mwambie muuguzi mara moja. Usingoje zamu ya asubuhi.

KWA NINI MELI INAKAA MIEZI BANDARINI

Lalamiko jingine ni la muda. Mnaona meli imefungwa gatini mnadhani mafundi wamepumzika. Kwa kweli wakati huo ndio wanapokuwa na kazi nyingi zaidi. Manowari huweza kutumika miaka 30 au zaidi, lakini breka zake hazina umri huo. Vipuri huacha kutengenezwa. Tena kila rada mpya na kila mtambo mpya wa kupoza hewa huongeza mzigo ambao mwenye kuchora meli hakuufikiria. Hufika siku ambapo swichi zote lazima zibadilishwe, na kila waya uliofunguliwa lazima uandikwe namba, urudishwe mahali pake na upimwe.

Hapa kwetu, manowari Nyayo na Umoja za jeshi letu la majini, zilizojengwa Uingereza katika miaka ya 1980, zilipelekwa Italia kwa matengenezo makubwa na kurejea mwaka 2011. Nchi tajiri nazo hazikwepi. Uingereza ilijenga manowari sita za aina ya 45, ya kwanza ikiwa Daring, iliyoanza kazi mwaka 2009. Meli hizo husukumwa kwa umeme, na swichi zake kubwa ni za volti 4,160. Mwaka 2010 Daring ilipoteza nguvu katikati ya bahari ya Atlantiki. Baadaye ilidhihirika kwamba katika bahari za joto, kama Ghuba ya Uajemi, injini zake kubwa za gesi zilizidiwa. Zikizimika, dizeli mbili za akiba za megawati 2 kila moja hazikutosha kubeba mzigo, na meli nzima iliingia gizani.

Dawa iliyochaguliwa ni kuondoa dizeli hizo mbili na kuweka tatu za megawati 3 kila moja, pamoja na kubadilisha mfumo wa swichi uzipokee. Mkataba wake, wa pauni milioni 160, ulitangazwa mwaka 2018. Meli ya kwanza kutengenezwa, Dauntless, iliingia kwenye karakana ya Birkenhead mwaka 2020, ikatoka kwenda kujaribiwa baharini mwaka 2022. Miaka miwili, akina mama! Na huko kwao pia wamo wake waliokuwa wakiuliza: "Mbona meli haiendi popote, na wewe huji?"

TUNAWAOMBA NINI

Dada mpendwa uliyeolewa na fundi, usimpigie simu kumharakisha akiwa ndani ya meli. Haraka ndiyo inayomfanya mtu aruke hatua ya kupima. Mpe chakula na usingizi, maana aliyekesha na mtoto mgonjwa asiingie kabatini asubuhi bila kumwambia msimamizi wake. Mwulize jioni: "Leo ulipima kabla ya kugusa? Njia ya pili mlifunga?" Atashangaa umeyajua wapi, lakini siku nyingine atakumbuka kwamba swali linamngoja nyumbani.

Ikiwa mwajiri wake hatoi kufuli, kadi wala glavu, msimtie moyo avumilie kwa sababu ya ada za shule. Zungumzeni pamoja, na mafundi waende wengi kudai, kwa sababu mmoja husemwa kuwa mwoga. Tumeona karakana moja ikinunua vifaa hivyo baada ya mafundi wote kukataa kufungua kabati kwa siku mbili. Siku hizo mbili hazikulipwa, na katika kikundi tulichangiana unga na sukari mpaka zikapita.

Na ninyi wenye wana wanaopenda kufungua redio na kuchezea nyaya, msiwafukuze. Kazi hii inahitaji vijana watulivu, wanaoandika wanachokiona na wasioona haya kusema: "Bado sijapima." Tunao wawili katika familia za kikundi chetu wanaosomea umeme wa meli sasa, na mmoja wao ni msichana. Mama yake ameshamwambia mapema kwamba siku akivishwa pete, itakuwa ya kuvaliwa baada ya kazi.